Sauti Isiyo na Jiwe

Walikuwa wamekwisha kuvuka mto mara mbili kabla mtu hajatoa neno. Bassou alitangulia, kamba begani. Nyuma yake Reda, mtu wa Casablanca, macho hayabanduki kwenye saa yake ya mkononi. Kisha Lahsen, aliyepitiwa njiani zizini kwake alfajiri hiyo, amebeba mgongoni mlango wa zizi, maana machela kijijini hakuna. Wa mwisho Touda, ambaye hakualikwa na mtu.

"Rudi nyumbani, shemeji," Bassou alimwambia. "Watoto wataamka."

"Watoto wana bibi yao. Mume wangu ana nani?"

Huyo mume, Aqqa, ndiye mdogo wake Bassou wa pekee. Jana yake alimpeleka Reda kutafuta njia mpya ya kupanda kwenye magenge ya korongo, na kutwa nzima ukungu haukuinuka. Alasiri jiwe likang'oka juu yao. Reda alifika kijijini wakati wa magharibi, amelowa, meno yanagongana, akamweleza Bassou palepale mlangoni: Aqqa amelala kwenye rafu ya mwamba, mguu umevunjika, mkono wa kulia umesagika. Amemfunika, amemwachia mkate na maji, akashuka kwa kamba kutafuta watu.

Bassou akaingia ndani kumwambia Touda. "Ni mguu tu," akasema. "Atapona." Aliona hayo yanamtosha mwanamke kwa usiku mmoja.

Kisha akarudi kwa Reda. "Upande gani wa korongo? Wa jua au wa kivuli?"

Reda alifumba macho. "Sijui. Tulivuka maji mara nyingi, sioni hata miguu yangu. Aqqa ndiye aliyejua. Lakini pale nilipomwacha nilibonyeza alama." Akanyoosha mkono wenye saa. "Hii inaongea na setilaiti. Haikosei zaidi ya hatua tatu."

Bassou si mtu wa kuamini vitu vya dukani, kwa hiyo aliijaribu. Aliweka alama kwenye nguzo ya uwanja wa kupuria shayiri, akazunguka kijiji, akaufuata mshale. Mara tatu mshale ukamrudisha kwenye nguzo ileile. Ya tatu akasema, "Haya. Nimekubali." Mjini walikuwa wamepigiwa simu, wakajibu kwamba helikopta haiingii kwenye ukungu. Usiku kucha ikanyesha mvua yenye theluji, na korongoni hakupitiki gizani.

Sasa kumekucha, na ukungu uko palepale. Walipofika mahali magenge mawili yanapokaribiana hadi mbingu inabaki ukanda tu, wakasikia.

"Bassou-oo!"

Touda alisimama katikati ya maji. "Ni yeye! Upande wa kivuli!"

"Jiwe liko wapi?" Bassou akauliza.

Kwenye korongo lile sauti ya mtu haifuatwi. Inagonga ukuta huu, inatupwa na ule, inatokea pasipo na mtu. Wachungaji wamekufa wakiifuata, na wazee husema si kuta peke yake zinazoita. Anayetaka kufuatwa hugonga mawe mawili: mara tatu, anapumzika, mara tatu tena. Mlio wa jiwe ni mkavu, mwangwi wake hujitenga, na sikio linajua lishike upi. Mtoto wa pale hujua hilo kabla hajaijua Fatiha. Sauti isiyo na jiwe haijibiwi.

"Bassou-oo!"

"Nilimfundisha mwenyewe," Bassou alisema. "Angegonga."

"Labda amechoka," Touda akasema.

"Mwenye pumzi ya kupiga ukelele huo ashindwe kugonga mawe? Amevunjika mguu, mikono anayo."

Walikuwa wakisemezana kwa lugha yao ya milimani. Reda, Mwarabu wa mjini, hakuambulia hata neno. Bassou akamgeukia kwa Kiarabu: "Mshale unasemaje?"

"Huku. Kulia, juu."

"Upande wa jua," Bassou akamwambia Touda. "Umeona? Yeye yuko wa jua, ukuta wa kivuli unaturudishia sauti. Saa na sheria vimesema kitu kimoja."

"Shemeji, sauti hiyo nimelala nayo miaka minane. Leo unamuuliza mtu wa mjini habari za koo la ndugu yako?"

Lahsen akajaribu utani. "Touda, wangekutundika wewe mbinguni badala ya setilaiti, saa zote zingetii."

Sauti iliita mara mbili tatu zaidi. Bassou akasoma aya kimoyomoyo na kushika njia ya upande wa jua.

Njia yenyewe ni magogo ya mreteni yaliyopachikwa kwenye nyufa, na siku hiyo yalikuwa na utelezi kama sabuni. Ilikuwa kazi ya muda wa saa nne. Reda alikuwa akihesabu: mita mia na themanini. Tisini. Ishirini. Mshale ukayumba, ukaruka nyuma, ukatulia. Sita. Saa ikalia kama kifaranga.

Rafu ilikuwa tupu. Mavi ya mbuzi, tena makavu.

"Ni hapa," Reda alisema, akiigonga saa kwa kidole. "Inasema ni hapa."

Ndipo ukungu ukapasuka. Ng'ambo, kwenye genge la kivuli, usawa uleule, hatua kama sabini za hewa tupu, Aqqa alikuwa amelala anawatazama. Akainua mkono wa kushoto.

"Kaka! Mmefuata nini huko, mbuzi?"

Bassou alitafuta neno, akapata moja tu baya. "Mbona hukugonga?"

"Kwa mkono upi?"

Bassou aliambiwa. Mlangoni kwake, kwa Kiarabu kilichonyooka, aliambiwa mguu na mkono. Mguu aliuhesabu, kwa sababu mguu ndio unaomfanya mtu abebwe. Mkono aliuficha kwa Touda, na katika kuuficha akausahau na yeye.

Touda alimtazama Bassou mara moja tu. Kushuka, kuvuka, kisha kupanda kule kusiko na gogo hata moja, ingekuwa usiku. Na theluji ilikuwa imeanza kudondoka.

"Nendeni," Touda akasema. Alikwisha kaa ukingoni, amejikunja ndani ya blanketi. "Mimi nabaki niongee naye. Asilale."

Wakashuka. Bassou alikuwa akiwasikia juu yake. Touda aliuliza mti wa jozi ukatwe au uachwe. Aqqa akasema uachwe, auzwe yule nyumbu mwizi. Touda akasema nyumbu ana akili kuliko huyo kaka yake Aqqa. Kicheko kikatoka kuta zote mbili, asijue cha nani kiko wapi. Alasiri ikabaki sauti moja. Inauliza, inangoja, inauliza tena. Bassou akajiambia kwamba kuta zimemeza ile nyingine, akaendelea kujiambia hivyo mpaka majini.

Walimfikia asubuhi ya pili. Alikuwa amekufa, amekauka kwa baridi, uso umeelekea ng'ambo. Alirudi kijijini juu ya mlango wa zizi.

Touda alishushwa na Lahsen. Alikaa siku kumi na moja bila sauti, kisha akahamia kwa kaka zake pamoja na watoto. Bassou humpelekea jozi kila mwaka, naye huzipokea. Hasemi naye. Lahsen alitia mlango mwingine. Nyumbu aliuzwa. Reda aliacha kupanda, akaandika barua: kati ya kuta ndefu neno la setilaiti hugonga jiwe kwanza, hufika limechelewa, na saa hudhani imesimama ng'ambo. Bassou alisomewa barua hiyo mara mbili.

Bado anaongoza watu. Akisikia sauti korongoni, yenye jiwe au isiyo na jiwe, huenda. Mara nyingi hakuna mtu.