Mume Wangu na Mvungunya

Wanawake wakilima pamoja, midomo hulima kuliko majembe. Mwaka wa 1968 nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeolewa Kenyenya kutoka Nyaramba mwaka uliotangulia, na katika egesangio letu, kile kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu, mimi Drusilla ndiye niliyekuwa mgeni. Kwa hiyo nilisikiliza zaidi ya kusema, jambo ambalo tangu hapo halijanitokea tena.

Siku hiyo tulikuwa tunapalilia wimbi langu. Sote tulikuwa wa rika moja, hapakuwa na wa kumwonea haya. Persis, mke wa Makori, akanyoosha mgongo na kutangaza kwamba mumewe alijaliwa uume mkubwa kuliko wanaume wote wa Kenyenya.

"Kwani umewapima wote?" Orpah akamuuliza.

Tulicheka hadi majembe yakatuponyoka. Persis hakujali. Alionyesha ukubwa wenyewe kwa mkono wake, kuanzia kwenye kiwiko, nasi tukapiga vigelegele. Mimi nilipiga kwa sauti kuwashinda wote, maana mgeni hapendi kuonekana mshamba.

Nisichokijua ni kwamba mume wangu Nehemiah, fundi wa baiskeli pale sokoni, alikuwa nyuma ya ua, amerudi kuchukua pampu aliyoisahau. Alisikia kila kitu, na sauti yangu aliitambua. Lau angesimama kidogo angesikia na yaliyofuata, lakini wakati huohuo mama yake alikuwa anashuka kijia akituletea uji. Sasa kwetu kuna chinsoni, ile heshima kati ya mzazi na mwana, inayokataza hata kusikia maneno ya kitandani mkiwa mahali pamoja. Mwanamume mzima akutwe na mama yake ametega sikio kwenye mambo kama hayo? Afadhali ardhi immeze. Nehemiah alitimua mbio na pampu akaiacha.

Sisi nasi tulipomwona mama mkwe tukaanza ghafla kulaani magugu. Alitugawia uji, akatusifu kwa bidii, akaenda zake. Hapo ndipo Persis alipomalizia habari yake.

"Mnadhani basi ni raha? Akinikaribia tu nakumbuka kazi niliyoisahau jikoni. Mwiko mkubwa si ugali mtamu, dada zangu."

Orpah akasema wa kwake ni wa kawaida tu, lakini mumewe ni mcheshi hata kitandani, na mtu akishacheka mwili wake hulegea wenyewe. Mong'ina akasema yeye hawezi kudanganya, anapenda mkubwa, mradi mwenye nao awe ameosha miguu. Wakabishana mpaka tukamaliza mistari miwili ya wimbi. Mimi nilikuwa na langu la kusema pia, ila nilikosa ujasiri, nikang'oa magugu.

Jioni ile Nehemiah alihamia kwenye benchi la sebuleni. Alisema mgongo unamuuma. Nikamkanda kwa maji moto, akashukuru, akarudi kwenye benchi. Wiki zikapita na mgongo haukupona, ingawa sokoni nilimwona kwa macho yangu akiinua baiskeli mbili kwa pamoja. Kisha akaanza kutoweka kila Jumapili asubuhi, akiteremka bondeni na shati safi. Sisi ni Waadventista, kanisani tunaenda Jumamosi. Jumapili ni siku ya jembe. Sasa shati safi la nini?

Nikajijibu mwenyewe: kuna mwanamke bondeni. Niliumia, nisikufiche. Nilimpenda Nehemiah tangu siku aliyokuja kwetu kuposa akiwa na mafuta ya mnyororo kwenye kola, na sasa nilianza kukunja nguo zangu tayari kurudi kwa baba. Ningemweleza nani? Mama mkwe, chinsoni inakataza. Wenzangu wa egesangio wangetangaza kabla jembe halijagusa udongo. Alibaki Bathsheba, nyanya yake Nehemiah.

Kwetu nyanya na mjukuu hawaoneani haya. Yale ambayo mzazi hawezi kuyataja, nyanya huyataja huku akimenya ndizi. Bathsheba alimwita Nehemiah "mume wangu" na mimi aliniita "mke mwenzangu", na utani huo ulimpa ruhusa ya kuuliza lolote.

"Mfuate," aliniambia. "Ukimkuta huyo mwanamke usimpige. Mwangalie vizuri uje unieleze, kwa sababu mke mkubwa ni mimi."

Jumapili iliyofuata nikamfuata. Aliteremka, akavuka kijito, akafika kwenye mvungunya, mti ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kama yamefungwa kamba. Hapakuwa na mwanamke. Nehemiah alishika tunda moja kwa upole mwingi, akalizungushia kipande cha mpira wa baiskeli, akapima. Kisha akatabasamu.

"Nehemiah!"

Aliruka kama aliyekanyaga moto. Ilinichukua muda kumtoa maneno. Rafiki yake Onyancha, muuza chumvi pale sokoni, alikuwa amemweleza siri aliyoipata kwa watu wa upande wa ziwani: chagua tunda changa la mvungunya, lichanje alama yako, na kadiri linavyokua ndivyo nawe utakavyokua mahali unapopataka. Ila usimguse mkeo mpaka tunda lifikie kipimo.

"Na nani alikwambia mimi nataka hicho kipimo?"

"Nilikusikia," akasema, akitazama chini. "Persis alipoonyesha mkono, kigelegele chako ndicho kilichopanda juu kuliko vyote."

Wiki zote hizo za kulia peke yangu, kumbe mke mwenza wangu alikuwa tunda! Mwanamke ningeweza kumchukia kwa heshima. Nikaokota jiwe niliangushe. Nehemiah akaruka mbele yangu, mikono ameitandaza.

"Usiliangushe, Drusilla! Nitabaki hapahapa nilipo!"

"Hapo ulipo ndipo ulipokuwa uliponioa!"

Nilimshika mkono, nikampeleka moja kwa moja kwa nyanya yake, shati safi na yote. Bathsheba alisikiliza, akacheka mpaka akaomba maji. Alipopata pumzi akamuuliza, "Na tunda likishaiva, mume wangu, si huoza? Onyancha alikwambia nini kuhusu hapo?"

Uso wa Nehemiah ulibadilika. Aliketi kwenye kigoda. Hilo hakuwa ameliuliza.

"Babu yako," Bathsheba akaendelea, "alikuwa na kitu kama ndizi ya kisukari. Wenzake walipokuwa wakioga mtoni walimtania. Nilimzalia watoto tisa na sijawahi kulala nimenuna, kwa maana hakuwa na haraka. Lakini hayo yalikuwa yangu. Ya mkeo huyu siyajui." Akanigeukia. "Mke mwenzangu, sema. Hapa ndipo pa kusemea."

Kucheka wimbini ni rahisi, kusema mbele ya mwenyewe ni jambo jingine. Lakini nguo zangu zilikuwa zimekunjwa, na nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote.

"Ukubwa wako haujawahi kunisumbua," nikasema. "Kinachonisumbua ni kwamba unakuja kama mtu anayekimbilia basi. Ukishafika wewe, unageukia ukuta na kulala. Mimi nabaki macho."

Akavuta kola ya lile shati safi. Nikajua nimemchoma, na nikajua pia kwamba ni kweli.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningeuambia mgongo wako?"

Bathsheba akainuka, akasema anakwenda kutazama kuku wake, ingawa kuku wote walikuwa miguuni petu.

Tulirudi nyumbani bila kushikana mikono, kwani mchana watu wazima hawakufanya hivyo, lakini tulitembea karibu kuliko ilivyozoeleka. Nehemiah alifunga mlango, akavua shati lake safi, akaketi kando yangu kitandani. Hakunigusa. Alinitazama usoni, akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, si mama yangu, si mhubiri aliyetuozesha, wala si wanawake wa egesangio.

"Wewe unapenda nini?"

Nilifungua mdomo kujibu, nikagundua sina jibu. Nilijua nisichokitaka. Nikitakacho sikuwa nimewahi kukitafuta.

"Sijui," nikamwambia. "Kweli sijui, Nehemiah."

Nilidhani atakata tamaa. Akaanza kucheka, kicheko cha chini cha mtu aliyetuliwa mzigo, nami nikacheka naye, na nikausikia mwili wangu ukilegea wenyewe.

"Basi na tutafute," akasema, akajinyoosha ubavuni mwangu, uso wake kwangu na mgongo ukutani.