Sekunde Nane za Hawe Nyevu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama kwenye lango la kaya, msitu mtakatifu wa wazee wetu, na kamera ya miguu mitatu inavua viatu vyake vitatu. Sheria ya kaya ndiyo hiyo, hakuna kuingia na viatu. Ilivipanga kando ya vyangu, ikajitanda kaniki kichwani.

Nikaieleza shida yangu. Ninayo picha moja tu ya hawe, yaani bibi yangu, Hawe Nyevu, aliyopigwa langoni hapo na mgeni mmoja zamani sana. Wenzake wanaonekana hadi shanga za shingoni. Yeye ni moshi mtupu. Nina miaka themanini na moja, na uso wake sijauona.

"Alitikisika," kamera ilisema. "Anayetikisika hayupo. Sekunde nane bila kutikisika. Tutarudia."

Mara lango limekuwa kioo cha kamera na sote tumo ndani, vichwa chini miguu juu. Miwani yangu haidondoki, nashukuru. Upepo unaambiwa utulie, unatulia. Ndege mmoja anakohoa, anafutika.

Hawe Nyevu anatokea, msichana wa miaka ishirini hivi, bila uso.

"Mume wangu, mbona umezeeka?" ananitania, kama bibi yeyote na mjukuu wake.

Kamera inahesabu. Moja, paji la uso linafika. Mbili, macho. Tatu, pua, nayo ni hii hii yangu.

Hapo baba yangu, ambaye bado hajaota meno, anatambaa kuuendea mzizi mmoja pembeni. Mzizi una macho. Ni nyoka, kifutu, na kati yetu sote yeye ndiye anayejua kupigwa picha. Hatikisiki hata kidogo.

"Zimebaki tano," inasema kamera. "Mdomo uko njiani."

Hawe ananitazama. Hasogei. Ananingoja mimi.

"Sogea, hawe," namwambia. "Nilichoona kinatosha. Asante."

"Nilijua wewe ni wangu," anasema kwa mdomo ambao haujafika. Anainama, anamnyakua mtoto, anakuwa moshi.

Niliamka kumekucha. Nikaishusha picha ukutani, nikatafuta kile kioo cha kukuzia herufi nilichonunua enzi za kisomo cha ngumbaru. Kwenye kona ya chini, pembeni ya ule moshi, kuna mzizi ambao nimeuona maisha yangu yote. Niliisogeza picha dirishani, nikauangalia mzizi kwa kioo.

Una macho mawili, na hayakutikisika.