Daftari la Umuganda

Kwa miaka sita kaka yangu Ilyasi alikuwa Daktari wa Biryogo, mtaa wetu, na hata mimi Raihana, dada yake niliyemshonea kaptula za shule, alinikataza kumwita jina tupu. Shahada yake ya uzamivu, ya chuo kimoja cha Kampala, aliitundika sebuleni, juu ya televisheni. Wakaguzi wa vyeti walipokiandikia chuo, chuo kikajibu kwamba hakimjui.

Tukafika mahakamani. Kughushi hapa kwetu ni miaka mitano hadi saba, na mkewe Umuhoza ana mimba ya miezi minane. Ilyasi angeweza kukiri akaomba msamaha. Thubutu! Alisimama kifua mbele, akasema chuo kimempoteza kwenye makabrasha yake, na kwamba shahada aliipokea kwa mkono wake mwenyewe, tarehe ile ile iliyoandikwa juu yake, saa tatu asubuhi, akiwa ndani ya joho.

Nampenda mpumbavu yule. Nikaacha cherehani, nikaenda kumsihi Nshimiyimana, kiongozi wa mtaa wetu, aje kumtetea. Mzee huyo huandika kila anayefika kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nikamwambia aje na daftari zima.

"Iryasi iko mutu muzuri sana, Mheshimiwa," akamwambia jaji. "Hajakosa umuganda hata mara moja. Ona, amesaini yote."

Nikavimba kichwa. Mwendesha mashtaka, binti mpole aitwaye Keza, akaomba kuliona daftari. Akalifunua taratibu, kisha akaiweka shahada pembeni yake.

"Jumamosi, tarehe ishirini na tisa Juni 2019," akasoma. "Saa mbili hadi saa tano asubuhi, mshtakiwa alikuwa Biryogo akizibua mtaro. Shahada ina tarehe hiyo hiyo."

Jaji akamuuliza Ilyasi lipi ni la kweli.

"Daftari hilo ni la kughushi!" akasema Daktari.

"Weye Iryasi!" mzee akaruka. "Mimi ndiye nighushi? Na sepeto yangu ulivunja siku ile ile, hujarudisha!"

Mahakama nzima ikacheka. Mimi nilikuwa nalia.

Alipewa miaka mitano badala ya saba kwa sababu, jaji alisema, ni raia mwema asiyekosa kazi za umma. Miwili hiyo niliiokoa mimi. Umuhoza hanisemeshi, anasema mitano iliyobaki nilimpa mimi pia, na kila nikitafuta pa kumbishia sipaoni.