Peni Iliyokwisha Wino

Saa moja kasoro asubuhi, majirani wakiwa bado wanafagia vizingiti vya maduka yao nyuma ya soko la Shinyanga, Mbuke alikuwa ameshakunja kadi tisa za siku hiyo. Zilibaki kumi na mbili kutimiza mia moja na hamsini. Alichukua kipande cha manila akakipinda kidogo kwa viganja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande mmoja kilikubali, upande wa pili kikagoma. Manila ina nyuzi zake kama mbao, na anayeikunja bila kuzijali huambulia mgongo uliochanika na kutoa manyoya meupe. Mbuke alichagua upande uliokubali.

Hapo sasa ndipo mtu angepaswa kuacha shughuli zake aangalie. Mkono wa kulia wa Mbuke ulikuwa unatetemeka. Haikuwa baridi wala njaa. Ulitetemeka hivyo kila siku kwa mwaka wa nne, ukamfanya anywe chai nusu kikombe na kusubiri binti yake Blessing amfunge vifungo vya blauzi. Mkono huohuo ukachomoa peni kwenye nywele, peni ya kawaida ya bluu iliyokwisha wino zamani, ukaisogeza juu ya kadi huku ukichezacheza. Ungeapa kwamba anakwenda kuiharibu.

Siri ilikuwa chini ya kadi. Mbuke alikuwa ameokota vipande viwili vya mbao kwa seremala, akavipigia misumari juu ya ubao wa tatu, akaacha katikati mwanya mwembamba unaoweza kupitisha kisu cha jikoni. Kadi ililala juu ya mwanya. Aliutafuta kwa ukucha wa dole gumba, akabonyeza peni pale, ncha ikazama, akaivuta kuelekea kifuani. Mkono ulitetemeka utakavyo, lakini ncha haikuwa na pa kwenda. Alipoinua peni, katikati ya manila palikuwa na mfereji mmoja ulionyooka toka ukingo hadi ukingo. Aliikunja kadi mfereji ukibaki nje, akausugua mgongo wake kwa kijiko, akaisimamisha mezani.

"Subhanallah," alisema Safiya, mwenye duka, funguo zikiwa bado mkononi. "Mama Blessing, kila siku naangalia, na kila siku sielewi."

"Si nimeshakufundisha, dada?"

"Kufundishwa nimefundishwa. Kuelewa ndiyo kazi."

Safiya alikuwa ameuza kadi za harusi na mahafali kwa miaka kumi na tano, na miaka yote hiyo aliukunjia mfereji kwa ndani, maana ndivyo macho yanavyokuambia. Kadi zake zilikuwa zinatuna mgongoni na kufunguka zenyewe, naye akilaumu manila. Mbuke ndiye aliyemwonyesha kwamba kile kinundu kidogo kinachotokea upande wa pili ndicho kinachotakiwa kubaki ndani, ili karatasi ipate nafasi ya kugeuka bila kujivuta. Hakuna aliyemfundisha Mbuke. Aliharibu manila nyingi za bei rahisi hadi akajua, na siku hizi manila imepanda bei mara tatu ndani ya mwaka, wala haharibu hata moja.

Kabla ya kadi, Mbuke alikuwa machimboni Nyarugusu. Miaka kumi na moja alikaa mwaloni, pale wanapooshea dhahabu, akichanganya unga wa mawe na zebaki ndani ya beseni kwa mikono mitupu, akiikamua kwa kipande cha kanga, akiichoma juu ya jiko lilelile alilopikia uji. Glavu aliziona kwenye mabango tu. Mtetemo ulianza kidole kimoja, ukapanda. Mwenye mwalo alipoona anamwaga unga wa dhahabu, alimwambia apumzike, na tangu siku hiyo anapumzika. Wazo la mwanya alilitoa hukohuko, kwa kuangalia maji: ukiyachimbia njia, yanapita humo hata kama yana fujo kiasi gani.

Kadi hizi mia moja na hamsini zilikuwa za mwaliko wa semina ya afya ya wachimbaji. Ofisi ya mradi iliyoziagiza ndiyo pia iliyokuwa inaandikisha watu waliowahi kushika zebaki, ili wapelekwe kupimwa hospitali kubwa Mwanza bila malipo. Leo ilikuwa siku ya mwisho, na mwisho ulikuwa saa tisa na nusu alasiri. Fomu ya Mbuke ilikuwa tayari, imejazwa na Blessing kwa mwandiko safi. Ilibaki saini tu, inayowekwa mbele ya afisa.

"Zipeleke mwenyewe," Safiya alimwambia, akizipanga kadi kwenye boksi. "Ukishakabidhi, unajiandikisha hapohapo."

Mbuke aliitikia kwa kichwa. Hakumwambia kwamba wiki iliyopita kidole kidogo cha mkono wa kushoto nacho kilianza kucheza. Alitaka daktari amwambie jambo moja tu: je, na mkono huu unakwenda?

*

Ofisini benchi zilikuwa zimejaa. Watu walikuwa wametoka Geita, Kahama, wengine wameshuka na basi la alfajiri, kila mmoja ameshika fomu. Mbuke alikaa karibu na mzee mmoja mwembamba aliyeshika ya kwake kwa mikono miwili, kama sinia la chai ya moto, na bado ilikuwa inapiga kelele kwa kutetemeka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mayu," alijibu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mimi Ndaki. Nimechimba Nyarugusu toka wewe hujazaliwa." Aliangalia mkono wa Mbuke uliolala juu ya boksi. "Na wewe ni wa mwaloni. Nimeuona huo mkono."

"Umeshaandikishwa?"

"Afisa kanikatalia. Nimekaa tu, sina pa kwenda mpaka basi la jioni."

Kabla Mbuke hajauliza sababu, afisa alimwita mwenye boksi. Afisa huyo aliitwa Bartholomeo, kijana wa miaka kama thelathini, shati limepigwa pasi, mpole kwa kila mtu. Alifungua boksi, akatoa kadi moja, akaisimamisha juu ya kaunta. Ikasimama wima, haikuyumba. Alipitisha kidole mgongoni mwake, akarudia.

"Aisee! Hizi mmechapisha Dar?"

"Zimekunjwa hapahapa mjini, mwanangu."

"Kwa mashine gani?"

Simu yake ikaita. Alipomaliza kuongea alikuwa ameshasahau swali, akampa risiti ya kupokelea mzigo, akamwelekeza mstari. Lakini ile kadi moja aliiacha palepale kaunta, imesimama, na kila aliyefika mbele aliitupia jicho. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi za kijani: Karibu tuzungumze afya ya mchimbaji. Mbuke alijisikia vizuri, tuseme kweli. Ni raha kuona kazi yako inatazamwa na mtu asiyejua ni yako.

Zamu yake ilifika saa nane na robo. Kaunta ilikuwa ya mbao mbili zilizounganishwa, na ukame wa huku ulikuwa umezitenganisha kidogo. Dole gumba lake liliuona ule mwanya kabla ya macho.

"Saini hapa, mama."

Alisaini. Alishika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto, akabana pumzi, na bado jina lilitoka limevunjikavunjika, mkia wa M umekwenda kugonga mstari wa chini. Bartholomeo aliweka kitambulisho cha taifa cha Mbuke kando ya fomu. Pale palikuwa na saini ya miaka minane iliyopita, imelala vizuri, M yenye mkia mrefu wa madaha. Mbuke aliitazama akaona ni ya mtu aliyemfahamu zamani.

"Hazifanani, mama."

"Ni mimi."

"Mimi naona ni wewe. Mfumo hauoni. Tukiskani hii, mfumo unaitema." Akamsogezea karatasi chakavu. "Jaribu tena. Tuliza mkono."

"Ningekuwa naweza kuutuliza, ningekuja hapa kufanya nini?"

Nyuma yake mtu aliguna. Bartholomeo alishusha sauti. "Mama, usinielewe vibaya. Utaratibu ndio huo."

"Basi niweke dole gumba."

"Dole gumba ni la wasiojua kusoma na kuandika. Hapa umejaza elimu, kidato cha nne."

"Sasa nifanyeje?"

"Nenda mahakamani, ukale kiapo kwamba umebadilisha saini, kigongwe mhuri, urudi nacho."

Saa ya ukutani ilisema saa nane na nusu. Mbuke aliigeuza fomu, akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Soma swali la saba, mwanangu."

Bartholomeo alilijua kwa moyo, lakini alisoma. "Je, mikono yako inatetemeka?"

"Binti yangu ameweka tiki wapi?"

"Kwenye ndiyo."

"Umeniuliza kama natetemeka, nikakujibu ndiyo. Sasa unanikatalia kwa sababu natetemeka."

Kijana wa watu aliirudisha fomu upande wa saini. Si kwamba alikuwa mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu, mtu angemkasirikia akaondoka. Alikuwa na orodha ya majina thelathini na mfumo wa kuyapokea, na tangu asubuhi alikuwa amewarudisha watu kumi na wawili, wote kwa kosa hilohilo.

"Ndiyo hivyo kwa wote, mama," alisema. "Hata yule mzee pale."

"Hiyo kadi," Mbuke akasema, akiielekeza kwa kidevu, "uliuliza imekunjwa kwa mashine gani."

"Ehe?"

"Nimeikunja mimi. Zote mia moja na hamsini."

Bartholomeo aliangalia kadi, akaangalia mkono. Aliutazama kwa muda, ukicheza juu ya kaunta, kisha akatabasamu kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuuma Mbuke kuliko saini.

"Kwa mkono huo, mama?"

Mbuke alichomoa peni kwenye nywele. Aliichukua fomu yake, akailaza kaunta, uso juu, akaisogeza hadi katikati yake ikaangukia kwenye mwanya wa zile mbao mbili. Karatasi ya fomu ni nyepesi, na kwa mkunjo ule nyuzi zake zingekatwa, hivyo hakubonyeza kwa nguvu. Alipita mara ya kwanza polepole sana. Peni ilipiga kelele ndogo. Watu wa benchi la mbele waliinuka, kisha wa benchi la pili. Alipita mara ya pili, ya tatu, mkono ukitetemeka hadi bangili zikalia, na chini ya mkono ule mstari ukatokea ulionyooka kabisa. Aliikunja mfereji ukibaki nje, akausugua mgongo kwa ukucha, akaisimamisha kando ya kadi ya mwaliko.

Watu wale wameona dhahabu ikitoka kwenye jiwe jeusi, wengine wameona wenzao wakitolewa hai kwenye duara, yaani shimo la machimbo, lililoanguka, si watu wa kushangazwa ovyo. Lakini walisogea, wakainama kuitazama karatasi iliyokunjwa, maana kila mmoja wao alikuwa na mkono kama ule nyumbani au begani pake, na hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba mkono kama ule bado unaweza kitu. Mama mmoja aliyeitwa Lusia alijifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Nusu ya chini ya fomu ilikuwa imewaelekea. Saini ilikuwa palepale, imevunjikavunjika, inasomeka na kila mtu.

Ndaki alifika kaunta na fomu yake inayopiga kelele. "Mayu, nikunjie na yangu."

Akamkunjia. Akamkunjia Lusia. Waliokuwa wamekataliwa asubuhi na bado wanasubiri mabasi walizitoa zao mifukoni, zimejikunyata, naye akazinyoosha kwa kiganja moja baada ya nyingine, akazipitisha kwenye mwanya, akazisimamisha. Zilipofika tisa, mstari wao ulikuwa umeenea kaunta yote, kadi ya kijani ikiwa ya kwanza mbele. Saini zote zilikuwa za aina moja, kana kwamba ni mtu mmoja aliyesaini.

"Wabeja, mayu," Ndaki alisema, asante ya kwao.

Bartholomeo alitazama saa. Tisa na nusu. Alifunga daftari la orodha, na jina la Mbuke halikuwemo, wala la Ndaki, wala la Lusia. Kisha akanyoosha kidole, akaukandamiza mgongo wa fomu ya kwanza hadi ikalala. Alipoondoa kidole, ikainuka. Alirudia, kwa nguvu zaidi. Ikainuka tena, taratibu. Hakuna aliyecheka.

"Jamani, nafunga ofisi," alisema, na sauti yake haikuwa ya afisa tena. "Hizi nani atazitoa hapa?"

"Utazitoa wewe, mwanangu," Mbuke alisema. "Moja moja. Na kila unayoitoa, soma swali la saba."

Alichukua kitambulisho chake, akakumbuka kwamba Safiya ana kadi arobaini za harusi zinazosubiri. Mlangoni alisimama kurudisha peni kwenye nywele. Ilimkwepa mara mbili, ikaingia mara ya tatu, akatoka.