Amri ya Kutua

Anyesi alikuwa akikata majani ya ng'ombe kando ya mnara, juu kidogo ya Kiboriloni, wapagazi walipofika. Walitokea migombani kwa mstari, masanduku ya risasi vichwani, na wa mbele akauliza mizigo iwekwe wapi. Anyesi akamwomba asubiri amalize kufunga majani.

Mnara ulijengwa mpakani mwa kihamba chake, shamba la migomba la ukoo, mahali ambapo kikosi cha Wajerumani kiliwakabidhi Waingereza silaha katika vita vile vya kwanza. Majina ya maofisa wa pande zote mbili yamechongwa kwenye jiwe. Ya waliowabebea mizigo hayamo.

Yule wa mbele alikuwa kijana, mdogo kuliko Praygod, mwanawe Anyesi. Lakini alikuwa na masikio ya ukoo wao, yaliyochongoka juu, na Anyesi akamjua. Alikuwa Makundi, babu wa baba yake, aliyekamatwa akifungulia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, akatwishwa sanduku na asirudi. Familia ilichoka kungoja, ikazika kipande cha mgomba badala yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Akawapikia mtori. Walikula wamesimama, mkono mmoja ukishikilia sanduku, na ng'ombe zizini akaacha kucheua mpaka walipomaliza. Makundi akaeleza kwamba wazungu walitia sahihi, wakapeana mikono, wakaondoka. Hakuna aliyewakumbuka wapagazi waliokuwa bado njiani. Aliyetua bila amri alipigwa risasi. Mmoja wao walimwona akianguka. Basi walikuwa wakitembea tangu wakati ule.

"Vita viliisha zamani, babu. Tua."

Makundi akainama, Anyesi akalishika sanduku kwa mikono yote miwili akavuta. Halikubanduka.

"Si wewe uliyenitwisha," akasema kwa upole.

Wiki ileile kulikuwa na sherehe ya kumbukumbu. Stanley, ofisa aliyeiandaa, alipokuja kukagua viti akawakuta wapagazi wamesimama uani kwa Anyesi. Alilalamika tu kwamba hawamo kwenye ratiba, akamwomba Mama Praygod awafiche migombani hadi wageni waondoke. Anyesi alikubali kwa mdomo. Siku ilipofika akawapanga nyuma ya viti, mahali pa kuonekana.

Wageni walikuja kutoka Ulaya, wakaweka mashada ya maua, tarumbeta ikapigwa. Baada ya sala Anyesi alimwendea mwanajeshi mwenye nishani nyingi kuliko wenzake, Stanley akitafsiri bila kupenda. Alikuwa na ombi moja: awaamuru watue.

Mwanajeshi aliwatazama wapagazi kwa muda mrefu. Machozi yakamlengalenga. Akasema anasikitika sana, ila yeye ni mgeni na serikali yake haikumtuma kutoa amri. Kisha akaomba apige nao picha. Wapagazi wakaambiwa wakae sawa, wakakaa sawa, na jasho lao likadondokea maua. Baadaye magari yakashuka Moshi mjini kwa chakula cha mchana.

Anyesi alikaa kwenye kiti cha mbele, akalia kidogo, akajifuta uso kwa kanga. Makundi akaja akasimama karibu yake.

"Yule bwana amesema nini?"

"Amesema anasikitika."

Makundi akalifikiria hilo, huku akilisogeza sanduku lake kidogo upande wa kushoto.

"Hakusema tuweke wapi?"

"Hakusema, babu."

Akawageukia wenzake, akatikisa kichwa polepole ili mzigo usiyumbe, nao wakajipanga. Hakuna aliyenung'unika. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani, na njia ya kupandia ilikuwa tope tupu. Anyesi akavua viatu, akafunga kanga kiunoni, akawatangulia, akiwaonyesha mahali penye utelezi.