Kiganja cha Fundi Jovitus

Jovitus alikuwa fundi rangi, hilo hata wasiompenda pale gereji ya Nyakato walikubali. Ila kujiona, jamani! Nywele zilimng'aa mawimbi mawimbi kwa mafuta ya saluni, na kabla ya kupuliza rangi alikuwa na mtindo wake: anazilaza nywele kwanza, kisha anapitisha kiganja kitupu juu ya bati, kuona kama msasa umekaa sawa. Wateja walipenda kumtazama.

Ndipo gari la wagonjwa la zahanati moja likamgomea. Kila akipuliza, rangi inafumuka vishimo vya mviringo kama uji unaotokota. Akakwangua, akarudia, vikatokea tena. Aibu ikampanda, na mwenye aibu hutafuta wa kumvika. Akamwona Mzee Luhaga, mpiga msasa, ambaye kila asubuhi alichua magoti yake kwa mafuta.

"Mzee, ni hiyo mikono yako," alisema mbele ya wateja. "Unatuharibia kazi."

Mzee Luhaga aliitazama mikono yake, mbele na nyuma. Mama Wilhelmina, mwenye gereji, akamwambia apumzike kwanza. Mzee akaiacha chupa yake ya mafuta ya magoti dirishani, akapanda kivuko kurudi kwake Kamanga.

Basi vishimo vikakoma? Thubutu! Boneti iliyofuata ikawa mbaya zaidi. Akaitwa Angela, mtaalamu wa kampuni inayowauzia rangi.

"Haya ni mafuta ya silikoni," alisema alipoinuka kutoka kuikagua boneti. Akaeleza bila maringo. Yapo mepesi, hutiwa kwenye losheni na mafuta ya nywele. Yapo ya kung'arishia dashibodi, na ya kupaka kalibu kiwandani ili mpira wa ndala usinate. Yapo mazito kama asali, yanayotuliza mtikisiko ndani ya mashine, na mengine hupoza transfoma. "Mazuri sana, ila rangi haikai juu yake. Tone tu linatosha."

Mama Wilhelmina akamletea ile chupa ya dirishani. Angela akasoma karatasi iliyobandikwa juu yake. "Mkaratusi na nazi. Haya hayana silikoni, thina ya kusafishia bati ingeyafuta." Kisha akamgeukia Jovitus, ambaye kiganja chake kilikuwa kichwani wakati huohuo. "Wewe unapaka nini?"

Gereji nzima ikazitazama nywele zake. "Akili ni nywele," mtu akanong'ona, na wote wakacheka. Nyani haoni kundule, lakini siku hiyo alilioneshwa. Jovitus aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

Kesho yake alivuka kwenda Kamanga. Alimkuta mzee mlangoni, magoti yamevimba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Jovitus akanyoosha mkono. Mzee akakirudisha kiganja chake nyuma na kumpa kifundo cha mkono, kama mtu aliyetoka kuparua samaki.

"Shika hapa, mwanangu. Mikono hii naiosha kwa petroli kila siku, lakini sijui kama mafuta yameisha. Nisije nikakuharibia kazi."

Ngozi ya viganja ilikuwa imechanika, nyeupe. Jovitus alitamani ardhi immeze. Akakivuta kile kiganja, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Haikuwa wewe, mzee. Yalikuwa mafuta yangu ya nywele. Nisamehe."

Mzee Luhaga akatikisa kichwa.

"Uliyasema mbele za watu, Jovitus. Hapa tupo wawili tu."

Jovitus akapiga magoti, akamvisha mzee viatu, wakaenda pamoja kungoja kivuko, warudi gereji.