Vitambaa vya Léontine

Kwa miaka ishirini Firmin na mkewe Léontine waligombania aina moja tu ya mzabibu, Persan. Mengine yote walielewana. Ugali wa mahindi ulipikwa mzito kama bwana alivyoutaka, mama akalala upande wa dirishani, na mbwa alikuwa wa wote. Lakini Persan ikitajwa, mezani hapakaliki.

Shamba lao la mteremkoni, huku Savoie, milimani Ufaransa, lilijaa Mondeuse, mzabibu mweusi uzaao bila kubembelezwa. Katikati yake, mmoja huku mmoja kule, ilisimama Persan sitini. Léontine alikuja nayo siku ya kuolewa, vijiti vilivyoviringishwa katika gunia bichi, kutoka kwao ng'ambo ya mto Isère.

"Inakula ardhi bure," Firmin alikuwa akisema. "Shada lenyewe ngumi ya mtoto."

"Na divai yake?"

"Nzuri. Sasa tutauza uzuri au tutauza chupa?"

"Basi ng'oa. Ukimaliza ning'oe na mimi."

Kila mwaka aliambiwa hivyo, na kila mwaka akanywea. Mwaka jana nyonga ilimzidi, akashindwa kwenda kuvuna. Léontine akavuna na majirani. Asubuhi ya kwanza walikuwa wamekwaruzana tena juu ya Persan, wakanuniana tangu siku ile. Wazee wa miaka sabini na ushei, wanasukumiana chumvi bila neno! Watu wa namna hii wanastahili viboko, wote wawili.

Novemba Léontine alianguka jikoni, kitunguu kingali mkononi, asiinuke tena. Walikuwa bado hawajasemezana.

Baada ya mazishi Firmin alijikongoja hadi shambani. Majani yalikwisha kupukutika, na mzabibu usio na majani hauna jina; ni kijiti tu, hata aliyezaliwa shambani hukosea. Ndipo akaviona vitambaa vya buluu, vimefungwa kwenye mashina, kimoja huku kimoja kule. Ilikuwa aproni ya Léontine, imechanwa vipande. Akavihesabu, akapata sitini.

Kwao Firmin, tangu enzi za babu, mzabibu uliofungwa kitambaa wakati wa mavuno umekwisha kuhukumiwa. Baridi ikiingia, unang'olewa. Basi alisimama pale akalia. Kumbe amenikubalia, aliwaza. Alininunia vile huku ameshanikubalia, na kaiwekea alama kwa kuwa mimi nisingeitambua. Tangu mazishi alikuwa halali vizuri, akihofu kwamba mkewe amekufa na kinyongo naye. Siku ile alilala.

Kazi ya kung'oa hakumpa mtu. Nyonga ikimuuma, alifungua kitambaa, akakitia mfukoni, akazungusha mnyororo kwenye shina, akapanda trekta akavuta. Ilimchukua siku tisa. Kila kisiki kikitoka alisema, "Asante, mama." Visiki akavikausha kando ya jiko la kuni, akaota moto wake msimu mzima wa theluji.

Mwishoni mwa Februari alifika Aubin, mwotesha miche kutoka kwao Léontine. Alishuka garini na mkasi na magunia yaliyoloweshwa.

"Mzee Firmin, pole sana. Habari ilinifika majuzi tu."

"Nimeshapoa. Kaa, utakunywa nini?"

"Kazi kwanza. Nimefuata vijiti vyangu vya Persan, kabla haijachipua."

"Vijiti gani?"

"Tuliahidiana na mama Léontine, Oktoba. Kwetu imekwisha, mzee, hata mmoja haupo. Akaniambia, nitakufungia vitambaa, uje ukate, unioteshee miche mia tatu." Aubin akacheka kidogo. "Akasema, yule mkaidi usimwambie. Tutaipanda upande wa jua, na ikimzalia atajifanya wazo lilikuwa lake."

"Vitambaa," alisema Firmin.

"Vya buluu. Kwetu ndiyo desturi. Uliofungwa ndio mzabibu mama, hauguswi ila kwa mkasi wa mbegu."

Firmin aliutazama mlango wa jiko la kuni. Aubin akafuata macho yake, akaona kapu pembeni, limebaki visiki viwili. Alikiokota kimoja, akakwangua ganda kwa ukucha. Ndani palikuwa kahawia, pakavu.

"Mzee, hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote."

"Na matawi je? Labda uliyatupa penye unyevunyevu."

"Niliwashia moto."

Aubin alikirudisha kisiki kapuni polepole, akaketi. Jiko liliendelea kuwaka.

Baadaye Firmin aliinuka, akavuta droo ya kabati la vyombo. Akatoa furushi dogo, akalifungua mezani. Vilikuwa vitambaa vya buluu, vimefuliwa, vikapigwa pasi na kukunjwa kimoja kimoja.

"Sitini," alisema. "Sijapoteza hata kimoja."